Jinsi Nilivyomfundisha Kipa Kukwepa Mpira

Vijana wa idara wameniomba niache maandishi kabla sijarudisha funguo za stoo. Nashuku walichotaka hasa ni kujua pampu ya mipira iko wapi. Iko nyuma ya mlango, juu, imefungwa kwa kamba nyekundu, na sindano yake iko ndani ya kopo la kahawa, kwa sababu sindano ya pampu ikiachwa huru hutafuta maisha mapya kwingineko. Hapo nusu ya elimu yangu mmesharithi. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Sitaeleza nilivyopanda vyeo. Vilinijia kama mafua: wenzangu wote ofisini waliugua, kisha zamu yangu ikafika. Nitaeleza niliyojifunza uwanjani, na hasa jambo moja ambalo kwa miaka minne niliandika kwenye ripoti kuwa ni "changamoto ya kimbinu". Halikuwa changamoto. Lilikuwa kosa langu mimi, Ouma, na lilipigwa video.

Nilianza kazi nikiwa na shahada mbichi, filimbi mbili na viatu vyeupe. Chuo kilinituma mtaa wa Ziwani niwafundishe makocha wa mtaani namna ya kufundisha. Nikilifikiria leo naona ni kama kumtuma mseja akawaelekeze akina mama jinsi ya kubembeleza mtoto. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa Eastlands, mkiwa hamjaufahamu bado, hauchafui viatu, unavichukua. Nilipofika katikati ya uwanja nilikuwa na kiatu kimoja na heshima nusu.

Hapo ndipo nilipokutana na Nafula. Alikuwa na miaka ishirini na kitu kama mimi, binti wa fundi wa reli aliyetoka magharibi, na mchana alifunga biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka zamu, kofia ya kiwanda bado kichwani, akinukia vanila. Timu yake ya soka ya wanawake iliitwa Radi ya Ziwani.

"Mwalimu," alisema akinitazama miguu, "hivyo viatu, ulikuwa unaenda kubatizwa?"

"Nimetumwa na chuo."

"Kumbe unakuja kubatiza wengine. Haya, shika hii." Akanipa nusu tofali. "Wewe ni mlingoti wa kushoto mpaka nipate tofali ingine."

Basi siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa mlingoti. Nilisimama pale nikaona jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. Wachezaji walikuwa wanapiga mipira mirefu ovyo, kila mmoja akimtumia jirani yake kupitia mbinguni. Mimi ningewaketisha chini niwachoree mishale. Nafula hakusema neno. Alitembea taratibu akisogeza matofali, uwanja ukawa mwembamba kama kichochoro. Baada ya dakika kumi wasichana wale walikuwa wakipeana pasi fupi fupi kama watu wanaopitisha sahani mezani.

"Umewaambia nini?" nikamwuliza.

"Sijawaambia kitu."

"Sasa wamejuaje?"

"Si uwanja umewaambia."

Daftari langu la siku hiyo ninalo mpaka sasa. Nimeandika, kwa hati nzuri sana: *Kocha hafundishi.*

Miaka ikapita, nikaanza kuhudhuria makongamano ya wasomi wa stadi za michezo. Huko niliwasikia watu waliovaa miwani yenye kamba wakieleza kwamba ustadi haumwagwi masikioni mwa mchezaji. Unabadilisha kazi au mazingira, na mwili wenyewe unatafuta njia. Niliitikia kwa kichwa, kwa busara, kama mtu aliyelijua hilo zamani. Na kweli nilikuwa nimeambiwa zamani. Tatizo ni kwamba aliyeniambia alinukia biskuti, nami nilikuwa nasubiri aje mwenye slaidi.

Nikirudi kwenye vifaa: msinunue filimbi yenye punje, ikiingia mate hukwama, na hakuna aibu kama kupuliza kimya mbele ya watu ishirini na wawili. Koni za plastiki zitaibiwa, zikaoteshwe sukuma wiki. Tofali zima pia litaibiwa. Nusu tofali haliibiwi na mtu, na hiyo ndiyo siri ya uwanja wa Ziwani kudumu. Mipira ya mazoezi madogo tengenezeni wenyewe kwa soksi kuukuu zilizojazwa sponji. Ikimgonga mtu, kinachouma ni jina lake tu.

Huo mpira wa soksi ndio ulioniponza.

Miaka minne iliyopita Nafula alipata kipa mpya, Mwende, msichana mrefu ambaye babake huchonga vinyago. Alikuwa na mikono ya kufika popote na dosari moja: mpira ukipigwa, alifumba macho. Alidaka vizuri sana mipira iliyokuja yenyewe mikononi. Iliyobaki aliisikia ikipita.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesoma sana kuhusu macho. Nikapata wazo, na ndugu zangu, jihadharini na siku ambayo mtaalamu anapata wazo. Wote mnaujua mchezo wa kati, ule wa wasichana wa mitaani: wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anakwepa, akiguswa ametoka. Hakuna anayecheza kati macho yakiwa yamefumbwa. Anasoma bega la anayerusha, anasoma kiwiko, anajua mpira utapita wapi kabla haujatoka mkononi. Nikachora jedwali la wiki sita, lenye mishale ya rangi tatu, nikampelekea Nafula.

Alilitazama kwa heshima yote. "Mwalimu, lakini kwa kati, mpira ukikugusa si umekufa?"

"Tunafundisha macho, Kocha. Mikono itafuata."

"Mikono hufuata roho," alisema. "Na roho inaogopa kufa."

Alinionya tena wiki ya pili, kwa maneno makali kidogo. Nikamweleza kuhusu jedwali. Akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka chuoni, na kunyamaza kwake ndiko ninakokuandikieni msikuzoee kutoka kwa mtu yeyote.

Wiki sita zile Mwende alichanua. Macho yalifunguka kama ya mtu aliyeitwa jina lake. Alikwepa mipira miwili kwa pamoja, akakwepa kwa kiuno, kwa shingo, akakwepa akifunga kamba za viatu. Ziwani wana desturi yao: ukikwepa, unapiga makofi mawili na kupaza sauti, "Hewa!", na wanaorusha hujibu, "Hewaaa!", maana walichopiga ni hewa tupu. Jioni zote uwanja mzima uliimba hivyo. Nilisimama pembeni na daftari, nikiona mbele yangu mada ya kongamano.

Mechi ikafika. Dakika ya tano, mshambuliaji wa wapinzani akabaki peke yake na Mwende, akapiga shuti kali, moja kwa moja kifuani. Mwende aliliona. Nitaapa hata mahakamani kwamba aliliona kabla mpigaji hajalifikiria. Akapinda kiuno kama mwanzi, mpira ukapita pale kilipokuwa kifua chake, ukatulia wavuni.

Mwende akapiga makofi mawili. "Hewa!"

Na wenzake watano, waliokuwa wakimrushia kwa wiki sita, wakajibu kwa sauti moja kabla akili haijawafikia: "Hewaaa!"

Kisha mzee mmoja nyuma ya waya wa uzio akauliza kwa sauti, "Kwani huyo ni kipa ama ni pazia?"

Walifunga matatu siku hiyo. Matatu yote yalikwepwa kwa ufundi ambao sijauona tena popote. Bao la tatu refa alipuliza filimbi akiwa amejishika tumbo. Mwende alinijia akitokwa jasho na fahari na mashaka kwa pamoja. "Mwalimu, si nimekwepa zote? Sasa mbona wanacheka?"

Kufikia jioni video ilikuwa kwenye kila simu, jina lake *Pazia la Ziwani*. Na kwa kuwa timu ni ya kocha, aliyechekwa alikuwa Nafula. Kiwandani walimwimbia "Hewa" kila alipopita. Mimi sikumkana. Sikumtetea pia. Nilienda ofisini nikaandika lile neno langu la changamoto ya kimbinu. Nafula alipoisoma ripoti aliniuliza kitu kimoja tu: "Hii changamoto inaishi nyumba gani, Mwalimu? Nataka niende niigongee mlango."

Kesho yake akairekebisha. Alimweka Mwende katikati kama kawaida, akachukua nusu tofali mbili akaziweka nyuma yake, hatua chache kila upande. "Ikipita hapa, umekufa," akasema. Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyowahi kumsikia akimpa mchezaji mazoezini. Mpira wa kwanza Mwende akakwepa, ukapita, akatoka. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu mikono yake ilinyanyuka yenyewe, kama inayomshangaa mwenyewe, na ukanaswa. Baada ya wiki mbili tulikuwa na kipa. Macho niliyafungua mimi, nadai hilo mpaka kaburini. Mikono aliileta Nafula.

Na mikono hiyo ilituponza kwa njia nyingine: timu ilipanda ligi. Huko juu kuna sheria kwamba asiye na leseni ya ukocha haketi kwenye benchi la ufundi. Nafula aliacha shule kidato cha pili. Kwa misimu miwili alifundisha timu yake akiwa nyuma ya waya, akipiga kelele juu ya vuvuzela, huku benchini akiketi kijana wa kuazima mwenye leseni na usingizi. Hakulalamika, ila mwisho wa msimu wa pili aliniambia akikusanya matofali, "Mwalimu, sitashika hiyo waya msimu wa tatu. Wakinikatalia, nawaachia timu."

Nilimjua. Alikuwa amesema.

Nafasi moja ilijitokeza. Jopo la leseni lilikubali kuwapima makocha wakongwe wasio na vyeti, iwapo kazi yao itaelezwa kwa maandishi na kuonyeshwa mbele yake. Jopo lingeketi mara moja, kwenye kongamano la stadi za michezo, juma moja kabla ya ligi kuanza. Mimi nilikuwa nimebakisha miezi miwili nistaafu. Nikaandika mada kwa majina yetu mawili: *Uhamishaji wa Stadi za Utambuzi kutoka Mchezo wa Kati hadi Ulindaji wa Lango.*

"Hiki ni kichwa," Nafula aliuliza, "ama ni ukoo mzima?"

Siku ya kongamano alivaa gauni la Jumapili. Kwenye meza ya usajili walikuwa wamekosea wakamwandikia beji "Prof. Nafula". Nilitaka irekebishwe, akaifunika kwa kiganja. "Wacha kwanza nipige picha nimtumie mama." Mwende alikuja na glavu zake mfukoni, akala mandazi manne kabla ya hotuba ya ufunguzi.

Nilizungumza vizuri. Nawaambieni bila haya, kwa sababu mtaona kilichofuata. Slaidi kumi na saba, zote zilitii. Nilieleza macho yalivyofunguka, nikaeleza nusu tofali mbili. Kilichokuwa hapo katikati, yaani mabao matatu, nilikiruka kwa wepesi ambao Mwende angeuonea fahari.

Kisha mwenyekiti wa jopo, Daktari Wanjiru, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani ya kusomea, akainua simu yake. "Nina video hapa. Naomba iwekwe ukutani."

Nilijua. Ukutani, mkubwa kama lori, Mwende akapinda kiuno. Makofi mawili. *Hewa! Hewaaa!* Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Profesa mmoja aliyetoka mbali alilazimika kutolewa kikombe mkononi. Wengi walikuwa wameshaiona; hawakujua tu kwamba wenyewe tupo nao chumbani.

Daktari Wanjiru hakucheka. "Kocha Nafula," alisema, "leseni inasema huyu ni mtu wa kukabidhiwa mwili wa mchezaji. Haya mafunzo ni yako?"

Nafula alinitazama mara moja tu, bila lawama, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Timu ni yangu, Daktari."

Angelibeba hilo kosa, kama alivyolibeba kiwandani, na lingemgharimu benchi, na timu ingebaki bila yeye. Nami ningestaafu na jina safi na slaidi kumi na saba. Miguu yangu ilisimama kabla sijaishauri.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni yupi kwenye video?"

"Simo. Ndiyo maana imenichukua miaka minne kusema."

Nikasema yote: jedwali, mishale ya rangi tatu, wiki sita.

"Na kocha hakuona?"

"Aliona. Alinionya mara mbili. Mara ya pili alitumia maneno ambayo sijui yanatafsiriwaje kitaaluma."

Sasa hata jopo lilicheka, isipokuwa mwenyekiti. "Na nani aliyemtoa huyu binti huko?"

"Yeye."

"Kwa maelekezo gani, Kocha?"

Nafula akasimama. "Daktari, kwa maneno siwezi. Mnipe nafasi hapo nje."

Hapo kongamano likavunjika, au pengine lilianza. Tulitoka wote kwenye nyasi, vikombe mikononi. Nafula akatoa mpira wa soksi kutoka mkoba wake wa Jumapili, akawapanga maprofesa wawili wa kurusha, akamshika mwenyekiti wa jopo kwa kiwiko kama bibi harusi, akamweka katikati. Daktari Wanjiru alikataa kwa mdomo huku akivua viatu. Mpira wa kwanza alikwepa. Wa pili pia. Mwende akawafundisha wote kujibu, na mkuu wa idara fulani, mtu ambaye kwa miaka yote sijamwona akitabasamu, alipaza "Hewaaa!" mpaka tai ikampanda begani. Watu walipanga foleni kurusha. Mpishi alitoka jikoni akasema wanarusha kizembe, akaonyesha.

Kisha Nafula akachukua viti viwili, akaviweka nyuma ya mwenyekiti. "Ikipita hapa, umekufa."

Daktari Wanjiru akakwepa, ukapita. "Nimekufa?" "Umekufa." Akarudi. Akakwepa tena, akakufa tena, akajikasirikia kwa Kikuyu. Mara ya tatu mpira ulikuja chini na kasi, miwani ikaanguka, na mama yule akaanguka na miwani, akainuka na mpira wa soksi umekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili. Ukumbi mzima uliohamia nyasini ulipiga mayowe.

Alipopata pumzi aliomba fomu yake. "Kuna sehemu hapa, 'maelekezo ya kocha kwa mchezaji'. Umesema maneno matatu tu, Kocha. Matatu! Na la mwisho lilikuwa tisho. Niandike nini?"

"Andika umedaka," Nafula akasema.

Daktari Wanjiru alivaa miwani, nyasi bado kwenye nywele. Kisha akainama akaandika. Jopo lilijadiliana kwa muda wa chai kupoa nusu, na Nafula akarudi Ziwani na leseni ndani ya Biblia isije ikakunjika.

Jumamosi nilimsindikiza uwanjani. Nilivaa koti. Nadhani nilijiona kama mzee anayemsindikiza binti kanisani. Tukafika kwenye benchi la ufundi, tukaketi, mimi na yeye, na refa akaja na orodha.

"Mzee, wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mwalimu wa makocha."

"Leseni?"

Nina shahada tatu. Nilizitafuta zote mifukoni. Katika miaka yangu yote ya kuwafundisha makocha haikunijia kamwe kuitafuta leseni yenyewe. Nilimgeukia Nafula anisaidie.

"Refa," akasema bila kugeuza kichwa, "huyo ni wa nyuma ya waya."

Basi nikaenda nyuma ya waya, nikabanwa katikati ya mama mwenye mwavuli na jamaa wa vuvuzela aliyeniambia, "Buda, mzee wangu, sogea, unatuzibia." Nilishika waya kwa vidole, kama nilivyomwona Nafula akiushika. Mkiwa huko hamsikii kitu kinachosemwa benchini. Ilinichukua kipindi kizima kugundua kwamba hakuna kilichokuwa kinasemwa. Alikuwa ameketi, mikono imekunjwa, nafasi tupu kulia na kushoto kwake kama mtu aliyepewa kitanda kikubwa hotelini. Mwende alidaka mpira mmoja wa hatari, akautazama, akauanzisha. Nafula hakupiga hata kofi.

Wakati wa mapumziko alikuja mpaka kwenye waya.

"Mwalimu. Toka huko unaona nini?"

Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa swali hilo. Nikafikiria maneno mengi, nikayaacha. "Upande wetu wa kushoto uko wazi," nikasema.

"Hiyo najua."

"Sasa mbona unaniuliza?"

"Nilitaka nione kama umeshika."

Akageuka, akaenda, akasogeza mchezaji mmoja hatua mbili kwa kumshika bega, kisha akaketi kwenye benchi lake.